Mkate Uliosingiziwa

Mzee Tanuri alikuwa mwongo wa kuaminika. Mtaa mzima ulijua kwamba akianza kuzungumzia mkate, ukweli unatoka nje kupunga upepo mpaka amalize. Aliwahi kuwaambia wateja kwamba siku moja mkono wake ulikosea kipimo cha hamira, mkate ukaumuka ukaondoka na mlango wa tanuri, ukapitia dirishani, na hadi leo paa la jirani lina alama ya ukoko. Watu walicheka, wakanunua, wakaenda zao wakiutafuna huo mkate wenye sifa zake. Chuku hizo hazikumdhuru mtu.

Uwongo uliokaribia kumuua haukuwa na chuku hata chembe. Ulikuwa neno moja fupi, tena la adabu: sijambo.

Mambo yalianzia unyayoni. Lilitokea doa jeusi chini ya kisigino cha kulia, naye akadhani ameungua, maana mtu aliyesimama mbele ya moto maisha yake yote haoni ajabu kuwa na alama nyeusi. Doa likawa kidonda, kidonda kikagoma kupona, na siku alipokubali kuvua kiatu mbele ya daktari, jibu likawa saratani ya ngozi. Wakaikata. Baadaye picha za kifua zikaonyesha vivimbe kwenye mapafu. Ndipo alipopelekwa hospitali kubwa, kwenye chumba cha viti vya kuegemea, akaanza kutundikiwa dripu ya dawa mpya, siyo ile ya zamani inayonyoa watu nywele na kuwatapisha. Kazi ya hii, aliambiwa, ni kuiamsha kinga ya mwili wake mwenyewe imshughulikie mgeni.

Ikamshughulikia kweli. Kwenye picha iliyofuata vivimbe vilikuwa vimesinyaa. Mzee Tanuri aliiinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akavitafuta kwa kidole, akasema vimebaki kama zabibu kavu kwenye keki ya bahili. Tangu siku hiyo akaipenda dripu kuliko kitanda chake. Siku ya dripu alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Sasa lazima ijulikane pia sheria ya bekari. Ukutani, juu ya magunia ya unga, kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu yaliyoandikwa kwa mkono wa Mzee Tanuri mwenyewe zamani, alipokuwa na nguvu na meno yote: MWENYE TUMBO NYUMBANI. Maana yake haikuhitaji mkalimani. Ukiharisha, huugusi unga. Unavua aproni, unaondoka, na ujira wa siku yako umekufa hapo hapo. Hakuna maelezo, hakuna rufaa. Ilikuwa sheria ya maana, kwa kuwa mkono unaokanda mkate ndio unaolisha mtaa. Mzee Tanuri alijisifu kwamba aliwahi kumfukuza hata mama mkwe wake, aliyekuja kusalimia tu, akashika tumbo kwa kicheko.

Bekari sasa aliiendesha binti yake, na sheria ilikuwa ile ile. Nyumba na bekari vilishiriki ua mmoja, na choo kilikuwa uani, nyuma ya tanuri. Wafanyakazi walikuwa na namna yao ya kuaga: "Naenda kuangalia tanuri." Mzee Tanuri aliisikia kauli hiyo miaka nenda miaka rudi na kuona ana wafanyakazi wenye bidii kupita kiasi.

Baada ya dripu kadhaa, tumbo lake likaanza.

Mwanzoni lilimwendesha kistaarabu, asubuhi na jioni. Kisha likasahau ustaarabu. Akawa anaamka katikati ya chai, katikati ya hadithi, katikati ya sentensi. Siku alipoona damu alisimama pale chooni, mkono ukutani, akafikiri kwa akili ya mwokaji. Hospitali ni bekari kubwa. Wana sheria zao. Ukisema una tumbo, unavua aproni. Na kwenye kile chumba cha viti alishasikia mtu akinong'ona kuhusu mgonjwa mmoja aliyelalamika kidogo tu, na tangu hapo kiti chake kikakaliwa na mwingine. Wakimtoa kwenye dripu, zile zabibu zitanona tena. Basi akafunga mdomo, akaenda duka la dawa la mbali ambako hajulikani, akanunua vidonge vya kufunga tumbo, akawa anavimeza kama karanga. Na kila alipobanwa, aliinuka na kusema kwa sauti ya mtu mwenye majukumu, "Ngoja nikaangalie tanuri."

Ni kweli aliwahi kuelezwa. Siku ya kwanza kijana mmoja mwenye koti jeupe alimsomea maelezo kwa kasi ya mtangazaji wa mpira: madhara yanaweza kutokea, ukiona mabadiliko yoyote utujulishe, weka sahihi hapa. Mabadiliko yoyote. Kwa mzee ambaye kila asubuhi anaamka na goti jipya. Hakuna aliyemketisha na kumwambia kwamba mabadiliko hayo yana majina: tumbo, ngozi, kikohozi, kiu, uchovu usioisha. Hakuna aliyemwambia kwamba kusema mapema siyo kufukuzwa. Waliona ametia sahihi, wakaridhika kwamba amejua.

Na siku za dripu mambo yalikuwa hivi. Sista wa zamu alipita na sinia lake, peke yake kwenye chumba chenye safu mbili za viti, akisimama mbele ya kila mgonjwa kwa muda wa kupiga chafya.

"Shikamoo mzee hujambo hakuna shida?" Yote kwa pumzi moja.

"Marahaba sijambo hakuna," alijibu Mzee Tanuri kwa pumzi ile ile, na alipofika kwenye neno la mwisho Sista alikuwa ameshafika kiti cha jirani.

Vidonge vya kufunga tumbo vilifanya kazi mpaka vikachoka. Asubuhi moja alikuwa amesimama kaunta akimsimulia mteja habari za mkate uliookwa siku ya upepo ukalazimika kufungwa kamba. Alipofika kwenye kamba, akateremka taratibu nyuma ya kaunta kama pazia lililokatika uzi. Binti yake alipiga magoti kumshika kichwa. Aliyemnyanyua ni Mama Ngumi, mkandaji wa bekari, mwanamke mwenye mikono ambayo ilikuwa imekanda unga tangu binti wa mwenye bekari akiwa anatambaa. Alimbeba begani, unga na yote, akavuka naye barabara mpaka zahanati.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mpole mwenye foleni ndefu mlangoni. Alimpima mapigo, akambonyeza tumbo, akamwona ulimi umekauka kama kibanzi.

"Mzee, umekula nini leo?"

"Chai na mkate."

"Jana?"

"Mkate na chai."

Daktari akatabasamu. "Basi mtuhumiwa tumempata."

Mzee Tanuri, aliyekuwa nusu yuko nusu hayuko, alifungua jicho moja. "Mtuhumiwa nani?"

"Mkate, mzee. Hii ni sumu ya chakula."

Jicho la pili likafunguka. "Mkate wangu?"

"Daktari," akaingilia binti, "baba anatibiwa pia hospitali kubwa, anawekewa..."

"Mguu," Mzee Tanuri akadakia, na chini ya shuka akamfinya binti yake mpaka akaguna. "Walinikata mguu kidogo. Umeshapona."

Daktari hakuuliza mguu ulikatwa kwa nini, wala kama kuna dawa yoyote anatumia. Foleni ilikuwa inakohoa nje. Aliagiza maji ya dripu, akaandika vidonge vya kuua vijidudu, akamgeukia binti huku akinawa mikono. "Na huko bekari, mwangalie vizuri nani anakanda."

Alisema kwa nia njema, mlango ukiwa wazi. Kwenye benchi la nje alikaa mama mmoja wa mtaani mwenye masikio mazima.

Kabla ya adhuhuri, mtaa ulishajua kwamba Mzee Tanuri amelishwa sumu na mkate wake mwenyewe. Baada ya adhuhuri ilikuwa panya ndani ya gunia. Alasiri ilipokaribia, panya alikuwa ameota mabawa: nyoka mzima alikutwa ndani ya mkate, amekunjamana, ameiva. Huo ndio mtaa aliouzoesha chuku kwa miaka yote, na wanafunzi walikuwa wamemshinda mwalimu. Shule ya chekechea ikarudisha mikate yote iliyonunua asubuhi, kreti juu ya kreti. Mkahawa wa kona ukasema utangoja kwanza. Binti aliyatazama makreti yale yakipangwa sakafuni, mikate ikiwa bado laini, akamwita Mama Ngumi.

"Mama, vua aproni."

"Mimi? Sina tumbo, mwanangu. Niangalie."

"Daktari amesema tuangalie anayekanda. Anayekanda ni wewe. Sheria ni sheria."

Mama Ngumi hakubishana. Aliifungua aproni, akaikung'uta, akaitundika kwenye msumari wake, kisha badala ya kutoka kwa mlango wa mbele akapita uani, moja kwa moja hadi chumbani alikolazwa Mzee Tanuri baada ya kurudishwa kutoka zahanati.

"Mzee, nimefukuzwa."

Mzee Tanuri aliutazama ukuta.

"Mkate uliokula wewe ndio niliokula mimi, na wanangu wamekula. Kama mikono yangu ina uchafu, mtaa huu ungekuwa makaburi. Wewe unajua mkate wangu. Sema neno moja tu kwa mwanao."

Neno moja tu. Alikuwa nalo mdomoni. Lakini nyuma ya neno hilo aliona kile kiti cha kuegemea kikikaliwa na mtu mwingine.

"Pole," akasema.

Mama Ngumi alingoja kama mtu anayedhani kuna zaidi. Alipoona hakuna, akaondoka.

Kabla hajafika getini, tumbo likamkunja Mzee Tanuri. Akashusha miguu, akashika ukuta. "Ngoja nikaangalie tanuri," akasema, ingawa chumbani hamkuwa na mtu wa kumuaga.

Kumbe yupo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Mtaa ulimwita Bi Chekeche, kwa sababu kama vile unga usivyopita kwenye chekeche bila kuacha makapi, maneno ya watu nayo hayakupita kwake hivi hivi.

"Tanuri lipi?" akauliza. "Limezimwa tangu mchana. Hakuna mtu wa kumwokea."

Mzee Tanuri alitaka kujibu lakini tumbo halikutaka mazungumzo. Aliporudi, mkewe alikuwa amekaa kitandani kwake, bakuli chini, mikono mapajani. Alianza kuchekecha.

"Tangu lini?"

"Siku hizi mbili tatu."

"Tangu lini, mume wangu?"

"Kabla ya dripu iliyopita."

"Na ya kabla yake?"

Mzee Tanuri akainama kuchukua bakuli la uji.

"Damu ipo?"

"Kidogo."

Bi Chekeche alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu na makali. "Kwa nini hukusema?"

"Wangenifukuza kwenye dripu."

"Nani alikwambia watakufukuza?"

"Mimi ningefukuza," akasema Mzee Tanuri.

Hasira zilimpanda mkewe kutoka miguuni, zikapita magotini, zikamfika kooni, na hapo zikakwama kwa sababu zilikuwa nyingi na tundu dogo. Alimkasirikia huyu mume aliyelala naye kitanda kimoja na kumficha damu. Akamkasirikia kijana wa mabadiliko yoyote. Akajikasirikia yeye, aliyeona suruali inamshuka mumewe kiunoni akaishonea mkanda badala ya kuuliza. Alichotoa mwishowe kilikuwa kidogo.

"Kwa hiyo umemwacha Mama Ngumi abebe tumbo lako."

Akavivuta viatu vya mumewe kutoka chini ya kitanda.

"Vaa viatu."

"Dripu yangu ni keshokutwa."

"Sikukuuliza ratiba."

Chumba cha viti kilikuwa kimejaa, dripu zikidondoka, feni ikigeuka kwa uvivu. Sista alikuwa katikati ya safu na sinia lake. Alipomwona Mzee Tanuri akiingia ameegemea bega la mkewe, uso wake ulishangaa lakini mdomo ulienda kwa mazoea.

"Shikamoo mzee hujambo hakuna shida? Mbona siku yako bado?"

Na hapa ndipo mtu aone jinsi ulimi unavyofugwa. Mzee Tanuri alikuja na tumbo lake lote, na damu yake, na nia ya kusema, lakini mdomo ukajiendea wenyewe. "Marahaba, sijam..."

Kiwiko cha Bi Chekeche kilimwingia mbavuni, neno likakatika vipande viwili.

"Shida ipo," akasema Mzee Tanuri.

Sista akasimama. Ilikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Naharisha. Tangu kabla ya dripu iliyopita na ya kabla yake. Naharisha damu. Nimekula vidonge vya kufunga tumbo mpaka vimenizoea. Na mkate wangu unasingiziwa, na mwanamke wa watu amefukuzwa kazi, kwa sababu nilisema sijambo na sikuwa sijambo."

Aliyasema kwa sauti ya kaunta, ile iliyozoea kushindana na mashine ya kukandia. Feni ikasikika. Kisha kutoka kiti cha dirishani akazungumza fundi cherehani, mzee mwembamba ambaye siku zote alijifunika shuka hadi kidevuni.

"Mimi ngozi inaniwasha," akasema taratibu. "Najikuna kwa rula ya kupimia nguo." Akateremsha shuka. Kifua na mikono vilikuwa vyekundu, vimechubuka kama vimesuguliwa kwa mchanga.

"Mimi nakohoa," akasema dereva wa lori aliyekaa karibu na mlango. "Kikavu. Zamani nilikuwa napanda kwenye lori kwa kuruka. Siku hizi napumzika kwenye ngazi, utingo anadhani napiga simu."

"Nakunywa ndoo nzima ya maji kwa siku," akasema mwalimu mstaafu, mwanamke mnene aliyekuwa akipungua. "Nilidhani ni joto."

"Sasa mbona hamkusema?" Sista akauliza. Aliliweka sinia chini. "Napita hapa kila siku. Nipo mmoja, viti vyote hivi, na bado namuuliza kila mtu."

Sista akatoka kwenda kumwita Daktari Bingwa.

Bingwa alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi. Alimpima Mzee Tanuri pale pale, akamwita mhudumu wa maabara, akaagiza kitanda wodini. Kisha akavuta kigoda, akakaa, jambo ambalo Mzee Tanuri hakuwahi kuliona likifanywa na daktari.

"Dawa hii inaachia breki za kinga ya mwili," akasema. "Ndiyo maana vile vivimbe vimesinyaa. Lakini breki zikishaachiwa, wakati mwingine kinga haichagui. Inashambulia utumbo, ngozi, mapafu, hata tezi. Nitapima choo kuhakikisha, lakini kwa hali hii sidhani kama una vijidudu. Mwili wako mwenyewe ndio unaupiga utumbo. Na vile vidonge vimetuficha moshi huku nyumba inaungua."

"Hamira imezidi," akasema Mzee Tanuri.

Bingwa akafikiri. "Imezidi. Tutaituliza kwa steroidi, nyingi kwanza, halafu tunapunguza pole pole."

"Na dripu?"

"Inasimama."

Mzee Tanuri akamgeukia mkewe kwa ushindi wa uchungu. "Si nilikwambia? Mwenye tumbo nyumbani."

"Mzee, nisikilize. Ungesema tumbo lilipoanza tu, pengine ungemeza vidonge ukiwa kwako, tukachelewesha dripu kidogo, tukaendelea. Leo nakulaza kwa sababu hatukujua. Na siyo kwamba hukuulizwa. Kila ukija hapa unaulizwa."

"Sikuulizwa, daktari," akasema Mzee Tanuri. "Nilisalimiwa."

Bingwa akasogeza kigoda karibu.

"Nilisalimiwa vizuri, kwa heshima zote. Sasa mtu akikuamkia, unamjibu naharisha? Umezaliwa wapi? Salamu ina jibu moja. Mnalipaka swali la ugonjwa sukari ya salamu, halafu mnashangaa kila mtu anajibu ni mzima."

"Hata nikiwa maiti," akasema Bi Chekeche, na sasa zile hasira zilikuwa zimepata njia, "mtu akipita jeneza langu akasema hujambo bibi, nitasema sijambo. Ndivyo nilivyolelewa. Ninyi mmesoma mpaka miwani ikaning'inia. Mmetengeneza dawa inayoweza kumgeuza mtu ale utumbo wake mwenyewe, halafu wa kutuuliza mmeweka Sista mmoja, mbio mbio, kwa pumzi moja. Huyu hakuambiwa kitu. Alisomewa. Mimi mkewe sikuitwa hata kusikiliza, na ndimi ninayefua nguo zake."

Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Dereva wa lori alikohoa, na safari hii hakujificha.

Bingwa hakujitetea. Alifuta miwani kwenye koti. "Hilo sina jibu lake," akasema. "Mna haki."

"Sikuja kutafuta haki," akasema Mzee Tanuri. Sauti ilikuwa imepungua. "Niambie kitu kimoja. Dripu ikisimama, zile zabibu zangu zitarudi kuwa maembe?"

"Sijui. Kwa wengine hubaki zimesinyaa hata dawa isiporudi. Wengine tunaweza kuwarudishia baadaye, tukiwaangalia kwa karibu. Siwezi kukuahidi. Lakini utumbo ukitoboka, hakuna kati yetu atakayepata nafasi ya kujua."

Mzee Tanuri alikitazama kile kiti cha kuegemea alichozoea, cha tatu kutoka dirishani. Kilikuwa na mtu. Kijana wa watu, amelala, mdomo wazi.

"Basi laza," akasema. "Lakini kabla hamjanichoma sindano, piga simu bekari."

Binti alipokea simu, kelele za watu zikiwa nyuma yake. Bingwa akajitambulisha, akaeleza kwa ufupi, dawa, kinga, utumbo.

"Daktari, samahani," binti akasema, "nakuweka kwenye spika. Rudia hapo kwenye mkate. Kuna watu kaunta."

Bingwa akamtazama Mzee Tanuri, aliyekuwa ameinua kidevu kama wakili. "Mkate hauna kosa," akasema kwa simu.

"Wala nyoka," Mzee Tanuri akanong'ona.

"Wala hakuna nyoka."

Upande wa pili kreti zikasikika zikiburutwa. Kisha sauti ya binti, imekaribia, spika imezimwa. "Baba. Mama Ngumi nitamwambia nini?"

Mzee Tanuri akashika ile simu kwa mikono miwili. "Mwambie tumbo lilikuwa langu."

Alilazwa, na steroidi zikaituliza hamira. Jibu la Mama Ngumi lilimfikia wodini, limebebwa na binti pamoja na chupa ya uji. Alikuwa amekataa kurudi. Alisema hakandi tena chini ya maandishi yanayofundisha watu kudanganya. Na akaongeza, kwa faida ya mzee, kwamba hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyewahi kupita kwenye bekari ile ambaye hakwenda kuangalia tanuri na kurudi kwenye unga, akiwemo shemeji yake mzee, akiwemo Mama Ngumi mwenyewe.

Mzee Tanuri aliposikia hayo alikaa wima kitandani, akaomba viatu vyake. Miaka yote hiyo. Aliwahesabu wote kwa bidii yao, akawasifia kwa wageni. Muuguzi wa wodi alilazimika kumshika mabega. Alikasirika mpaka jioni, na jioni, alipochoka, akabaki na jambo moja ambalo hakulipenda: hakuwa amefanikiwa kumzuia mtu yeyote kukanda mkate akiwa na tumbo. Alikuwa amefanikiwa kuzuia wasiseme.

"Paka rangi," akamwambia binti yake alipokuja tena.

"Niandike nini?"

"Mwenye tumbo aseme. Na siku yake ihesabiwe. Muulize Mama Ngumi kama herufi zinamtosha."

Mama Ngumi alisema zingeweza kuwa kubwa zaidi, lakini alirudi. Siku ile ile daktari wa zahanati alivuka barabara, akanunua mkate kaunta wakati wa msongamano, akaumega na kuula akiwa amesimama, mkavu, bila chai, mpaka ukoko wa mwisho. Bingwa alikuwa amempigia. Hakusema mengi, ila tangu hapo kila anayeingia zahanati huulizwa kwanza dawa anazomeza na anazotundikiwa, hata akija na mwiba kidoleni.

Wiki zilipita. Mzee Tanuri alirudi kwenye chumba cha viti kutolewa damu, uso umemvimba kwa steroidi, mashavu mawili yaliyoumuka vizuri. Mwenyewe alisema hii ndiyo kazi bora kuwahi kutoka kwake. Kuhusu zabibu hakuna aliyejua bado. Picha ilikuwa imepangwa, dripu ilikuwa bado imesimama, na usiku mwingine alilala akizifikiria. Siku hiyo Sista walikuwa wawili. Yule wake alikuja moja kwa moja, akavuta kigoda, akakaa.

"Mzee, jana ulikwenda choo mara ngapi?"

Chumba kizima kilisikia. Mzee Tanuri akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Shikamoo iko wapi?"

"Inakuja. Choo kwanza."

Akageuka kutafuta msaada. Fundi cherehani, ngozi yake imeanza kurudi rangi, alijifanya anatazama feni. Bi Chekeche alikuwa anakunja leso yake kwa utulivu wa mtu aliyelipa kiingilio.

"Binti, mimi ni mtu mzima."

"Najua, mzee. Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kigumu au laini?"

Mzee Tanuri alivuta pumzi, na macho yakaanza kumeta kwa namna ambayo mtaa wake ungeitambua. Kiwiko kikainuka kando yake. Akapumua nje.

"Kigumu," akasema. "Kama mkate wa bekari ya ng'ambo."

Sista akacheka, akamfunga mpira mkononi, akatoa damu. Alipomaliza alibandika pamba, akasimama, akakunja magoti kidogo.

"Shikamoo, mzee. Hujambo?"

"Marahaba," akajibu Mzee Tanuri, na akaishia hapo. Sijambo aliiweka mfukoni mpaka majibu ya damu yatoke.